Utrecht ni Kivukoni: mwongozo kamili wa kufuatilia asili ya jina la mji wa Kiholanzi

Ukimwuliza mtu wa Dar es Salaam kwa nini Kivukoni panaitwa Kivukoni, atakuonyesha pantoni linavyovuka kwenda Kigamboni na mazungumzo yataishia hapo. Jina na kazi ya mahali bado vinakwenda pamoja. Utrecht, mji wa nne kwa ukubwa nchini Uholanzi, una jina lenye maana hiyohiyo, lakini kule jina na kazi viliachana zamani sana, na hata mto wenyewe ulihama. Msafiri anayeshuka treni katika stesheni ya Utrecht asubuhi hutamka neno la Kilatini lililoachwa na askari wa Kirumi, likiwa limetanguliwa na kineno cha Kiholanzi cha kale, na halisikii hata moja kati ya maneno hayo mawili.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuyasikia. Nimechukua Utrecht kama jina la kufanyia kazi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake mna karibu kila mtego utakaokutana nao ukichunguza jina lolote la Uholanzi: neno la kigeni, herufi iliyomezwa, miji miwili yenye jina moja, na wasomi wa kale waliotoa maelezo mazuri yasiyo ya kweli. Ukiiweza Utrecht, utaweza Nijmegen, Leiden na vijiji ambavyo hakuna aliyewahi kukuandikia habari zake.

Kiholanzi fasaha si sharti. Unahitaji daftari, intaneti, Kilatini cha kuokoteza na subira ya kutosha. Kanuni inayoongoza kazi nzima ni hii: usilisome jina kwa sura yake ya leo. Tafuta tahajia kongwe kuliko zote, halafu shuka mtoni ukaone kama ardhi inakubaliana nayo.

Hatua ya 1: Lisikilize jina, usilitafsiri

Anza kwa kuandika jina linavyotamkwa na wenyeji. Katika Utrecht, ile U ya kwanza si u yetu. Viringa midomo kama unayesema "u", kisha jaribu kusema "i". Mwishoni, herufi cht hutoa ile kh ya "kheri" ikifuatwa na t, kwa hiyo Mswahili hapati taabu hapo. Mitaani wenyeji wengi husema Utreg, t ya mwisho imeanguka. Andika yote mawili, matamshi rasmi na ya mtaani, maana lahaja mara nyingi huhifadhi kitu ambacho maandishi yamekifuta.

Sasa zuia kishawishi. Ukiwa na kamusi ya Kiholanzi mkononi utaona "recht", yaani haki, sheria, au kitu kilichonyooka. Mtu mwenye haraka atagawa jina kuwa Ut-recht na kuanza kutunga hadithi ya mji wa sheria. Wakati huo hajaangalia hati hata moja. Mgawanyo sahihi, kama tutakavyoona, ni U-trecht, na ile t ndiyo ufunguo.

Kosa hili lina ndugu yake mkubwa katika jina la nchi tunalolitumia kila siku. Uholanzi ni Holland, na ukimwuliza mtu maana ya Holland, mara nyingi atakuambia ni hol land, nchi yenye shimo, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi iko chini ya usawa wa bahari. Maelezo hayo yana kila kitu: maneno yapo kwenye kamusi, ardhi inaonekana kuyathibitisha, na mtoto anaweza kuyakumbuka. Hati za kale zinayakataa. Zenyewe huandika Holtlant, na holt ni mti au msitu. Katika Kiholanzi cha leo neno hilo limekuwa hout. Holland ni nchi ya miti. Jina lilianza kama la eneo dogo karibu na Haarlem kabla ya kuenea jimbo zima, na ile t ilimezwa kadiri watu walivyolitamka kwa haraka. Herufi moja iliyopotea ilitosha kugeuza msitu kuwa shimo. Ndiyo maana nasisitiza hatua ya tahajia za kale kuliko hatua nyingine zote.

Hatua ya 2: Vua jina sarufi iliyogandia

Majina mengi ya Kiholanzi yamebeba vipande vya sarufi ambavyo lugha yenyewe imeshaviacha. Alama ya 's- mwanzoni ni mabaki ya neno des, yaani "cha" au "wa" cha umiliki. 's-Gravenhage ni hage ya graaf, kichaka kilichozungushiwa uzio cha mtawala wa jimbo la Holland; ndiyo Den Haag yetu ya mahakama za kimataifa. 's-Hertogenbosch ni msitu wa hertog, mtawala wa Brabant. Ter na Ten ni viambatisho vya "kwenye" vilivyoshikana na jina, na Den ni kibainishi cha kale, kama "the" ya Kiingereza. Vitenge pembeni, viandike maana yake, kisha uendelee na kiini.

Utrecht haina hata kimoja kati ya hivyo, angalau kwa macho. Andika hivyo na usonge mbele. Utajua baadaye kwamba ule mwanzo wake pia ni kitu kilichogandia.

Hatua ya 3: Kusanya tahajia za kale kwa mpangilio wa miaka

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wengi huchoka. Chora jedwali lenye safu tano: mwaka, tahajia kama ilivyoandikwa, lugha ya hati, aina ya hati, na kama ni hati asilia au nakala. Safu ya mwisho usiiruke. Hati ya karne ya 8 iliyonakiliwa karne ya 12 inaweza kuwa na tahajia ya mnakili, si ya mwandishi wa kwanza.

Wapi pa kuchimba? Kwa majina ya kabla ya mwaka 1226, anza na kamusi ya majina ya mahali ya Maurits Gysseling iliyotoka mwaka 1960. Inahusu Ubelgiji, Uholanzi, Luxemburg, kaskazini mwa Ufaransa na magharibi mwa Ujerumani, na siku hizi inasomeka mtandaoni. Kila jina limeorodheshewa tahajia zake pamoja na miaka. Kwa Uholanzi peke yake kuna leksikoni ya Künzel, Blok na Verhoeff inayoishia mwaka 1200. Wao huonyesha wazi hati imetoka wapi. Kwa maneno yanayounda majina, ingia kwenye hazina ya kamusi za kihistoria ya Instituut voor de Nederlandse Taal iliyoko Leiden. Humo kuna kamusi zilizogawanywa kwa zama: Kiholanzi cha kale kuanzia karibu mwaka 500 hadi 1200, kisha karne ya 13, kisha zama za kati, mpaka Kiholanzi cha sasa. Ukiandika neno moja, unalifuata likishuka karne baada ya karne. Tovuti ya Etymologiebank nayo hukusanya maelezo ya kamusi nyingi za asili ya maneno mahali pamoja, na ni nzuri kwa kulinganisha wataalamu wanapotofautiana.

Magazeti ya kale yaliyowekwa mtandaoni katika Delpher yanafurahisha, lakini yanaanza karne ya 17. Kufikia hapo jina la mji mkubwa lilikwisha kugeuka zamani. Yaache kwa majina ya mitaa na mashamba mapya.

Ukifanya hivyo kwa Utrecht, jedwali lako litakuwa na mistari ifuatayo. Kongwe kabisa ni Traiecto, katika Itinerarium Antonini, orodha ya Kirumi ya barabara na vituo vyake. Humo Traiecto inakaa kati ya Albanianis, ambayo ni Alphen aan den Rijn ya leo, na Mannaricio, ambayo ni Maurik. Nakala tulizonazo ziliandikwa karne nyingi baada ya Warumi, lakini mpangilio wa vituo unaendana na ramani. Kisha, mwaka 731, mtawa Beda wa Uingereza anasimulia jinsi mtawala Pippin alivyompa askofu Willibrord makao katika ngome ambayo, asema Beda, kwa neno la kale la watu wa huko iliitwa Wiltaburg, yaani mji wa Wawilti, na kwa lugha ya Wagalia huitwa Traiectum. Katika karne zinazofuata hati za Kilatini huendelea na Traiectum, huku katika maandishi yaliyo karibu zaidi na midomo ya wenyeji likijitokeza umbo fupi, Trecht. Kuanzia karne ya 11 unaona makarani wakiandika Ultraiectum, na katika Kiholanzi cha zama za kati Utrecht na Uutrecht.

Tazama kilichotokea. U haikuwepo mwanzoni. T imekuwepo tangu siku ya kwanza. Hadithi ya "recht", haki, imekufa bila mtu kuibishia: kiini cha jina ni Trecht, na Trecht ni mtoto wa Traiectum.

Neno lenyewe kwa Kilatini linatokana na kitenzi chenye maana ya kurusha ng'ambo au kuvuka. Traiectum ni kivuko. Na ile -o ya Traiecto katika orodha ya barabara ni umbo la neno linaloonyesha mahali, "kwenye kivuko". Sisi tunaweka -ni. Mrumi aliyeandika orodha ile aliandika, neno kwa neno, Kivukoni.

Hatua ya 4: Hakikisha hati inazungumzia mji wako

Kivuko ni jina ambalo mtu yeyote kwenye mto wowote anaweza kulitoa. Kwa hiyo kabla hujashangilia, uliza: Traiectum ipi?

Kusini kabisa mwa nchi, kwenye mto Maas, kuna mji mwingine ambao Warumi walijenga kwenye kivuko. Sarafu za dhahabu za enzi za Wafranki zina maandishi TRIECTO FIT, imetengenezwa Triecto, na mahali hapo ni Maastricht. Askofu na mwandishi wa historia Gregorius wa Tours, aliyeishi karne ya 6, naye anaitaja Maastricht kwa umbo la jina hilohilo. Mtafiti asiye mwangalifu anaweza kuzihamishia Utrecht sarafu za mji mwingine, na jedwali lote likaharibika.

Watu wa zama za kati waliuona mkanganyiko huu kabla yetu. Makarani waliandika Traiectum ad Mosam, kivuko cha Maas, na Traiectum ad Rhenum, kivuko cha Rhine. Ukikuta kitabu cha kale chenye maneno Trajecti ad Rhenum kwenye ukurasa wa kwanza, kimechapishwa Utrecht. Chuo kikuu cha mji huo, kilichoanzishwa mwaka 1636, bado kinabeba Rhine na Traiectum katika jina lake la Kilatini. Maastricht nayo iliingiza mto ndani ya jina la kila siku: Maas na Tricht.

Njia ya kupima ni rahisi. Katika kila hati, tafuta majirani waliotajwa pamoja na mji. Kama hati inataja mto, askofu, kijiji cha jirani au umbali, vitumie hivyo kuupachika mji kwenye ramani. Hati isiyo na jirani hata mmoja iandikie alama ya kuuliza, hata kama inakupendeza.

Hatua ya 5: Eleza kila sauti iliyobadilika

Kusema Traiectum imekuwa Trecht hakutoshi. Unapaswa kuonyesha kwamba mabadiliko hayo ni ya kawaida katika lugha, na kwamba yametokea kwa maneno mengine pia. Hapa ndipo asili ya jina inapotofautiana na kubahatisha.

Chukua mwisho wa neno kwanza. Kiswahili kikipokea neno la kigeni hupenda kulimalizia kwa irabu, ndiyo maana tukapata shati. Kiholanzi hufanya kinyume: hukata. Kilatini vinum imekuwa wijn, mvinyo. Murus imekuwa muur, ukuta. Strata imekuwa straat, barabara. Kwa hiyo -um ya Traiectum kuanguka ni jambo la kutarajiwa.

Kisha angalia ct kuwa cht. Kilatini fructus imekuwa vrucht, tunda. Dictare imekuwa dichten, kutunga mashairi. Traiectum kuwa Trecht inafuata njia hiyohiyo. Umbo la Tricht tunaloliona Maastricht ni ndugu wa Trecht. Irabu ya katikati imekwenda upande mwingine.

Ukipata mifano miwili au mitatu ya maneno ya kawaida yaliyopita njia ileile, unaweza kulala usingizi. Ukikosa hata mmoja, rudi hatua ya tatu.

Hatua ya 6: Shughulikia kilichobaki, ile U

Sasa kuna kipande kimoja kisichoelezwa. Makarani wa karne ya 11 walijaribu kukieleza. Waliposikia U mbele ya Trecht, waliisikia kwa masikio ya Kilatini na kuandika Ultraiectum, kana kwamba ni ultra, ng'ambo. "Ng'ambo ya kivuko" inasikika vizuri, na imeendelea kuchapishwa katika vitabu kwa karne nyingi. Lakini Kilatini cha karani wa karne ya 11 ni vazi lililoshonwa baadaye kumvalisha jina ambalo tayari lilikuwa likisemwa na watu. Maelezo yake yanaonyesha alivyofikiri yeye. Chanzo cha jina hayaonyeshi.

Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba U ni neno la Kiholanzi cha kale, ut, lenye maana ya nje au upande wa chini maji yanakoelekea. Utrecht ni Trecht ya chini, ile iliyo karibu na bahari, ikitofautishwa na Trecht ya juu, yaani Maastricht. Ut na Trecht zilipokutana, t mbili zikawa moja, na ndipo jina likapata sura inayowadanganya watu waone "recht".

Kuna swali ambalo msomaji makini atauliza: Utrecht iko kwenye Rhine na Maastricht iko kwenye Maas, inakuwaje moja iwe "chini" ya nyingine? Mimi nalijibu kwa kutazama nchi nzima. Mito yote miwili inashuka kuelekea bahari ileile ya magharibi na kufika katika delta moja. Kwa wafanyabiashara na makasisi waliosafiri kwa maji, kupanda kulikuwa kwenda bara na kushuka kulikuwa kwenda pwani, na katika safari hiyo Utrecht iko chini kabisa.

Jambo jingine la kuvutia: neno ut halipo tena katika Kiholanzi sanifu. Limekuwa uit, kama vile hus, nyumba, ilivyokuwa huis. Lakini ndani ya jina la mji irabu ya zamani imebaki, maana watu walikuwa wameshasahau kwamba ni neno. Jina la mahali likishasahauliwa maana, huacha kufuata neno lililolizaa na kushika njia yake. Ukikwama kwenye kipande usichokiona katika kamusi ya leo, kitafute katika kamusi ya Kiholanzi cha kale au cha zama za kati kabla ya kusema hakina maana.

Na Wiltaburg ya Beda je? Iandike kwenye jedwali na uiache pembeni. Beda anatuambia kwamba mahali palikuwa na jina la wenyeji kando ya lile la Kilatini. Hilo ni jambo kubwa kulijua. Lakini jina la leo halikutokana na hilo, na kazi yetu ni jina la leo.

Hatua ya 7: Shuka mtoni

Jina lililoelezwa vizuri kwenye karatasi linaweza bado kuwa si sahihi ikiwa ardhi inakataa. Kwa Utrecht, ukitazama ramani ya leo utashangaa: mto uko wapi? Katikati ya mji kuna mifereji, na upande wa mashariki unaingia mto mdogo mtulivu uitwao Kromme Rijn, Rhine iliyopinda. Magharibi unatoka Oude Rijn, Rhine ya zamani, ukienda mpaka Katwijk baharini. Hayo ndiyo mabaki. Zama za Warumi hili lilikuwa tawi la Rhine lililokuwa mpaka wa dola. Baadaye maji mengi yalihamia kusini, kwenye mto Lek, na mwaka 1122 Kromme Rijn ilizibwa kwa bwawa huko Wijk bij Duurstede. Mwaka huohuo Utrecht ilipewa haki za mji.

Ngome ya Warumi ilijengwa ukingo wa kusini karibu mwaka 47, na ilikaa mahali panapoitwa leo Domplein, chini ya kivuli cha mnara wa kanisa kuu, Dom, wenye mita 112. Mpaka wa ngome umeonyeshwa kwa chuma kilichopachikwa sakafuni mwa uwanja, na unaweza kushuka chini ya ardhi ukaona tabaka za mji. Mwaka 2021 mpaka huo wa Rhine uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Neno Traiectum lenyewe halisemi kama watu walivuka kwa mtumbwi, kwa daraja au kwa miguu, na usiongeze kitu ambacho neno halikusema.

Kama huwezi kufika, tumia zana mbili. Ya kwanza ni Topotijdreis, inayokuwezesha kusogeza mwaka na kuona ramani za Uholanzi za karibu miaka 200. Ya pili ni ramani ya miinuko ya nchi nzima, AHN, iliyopimwa kutoka angani. Katika nchi tambarare kama ile, tofauti ya mita moja ni habari kubwa: utaona migongo mirefu ya mchanga inayojipinda katikati ya mashamba, na hiyo ndiyo mito iliyokufa. Mji mkongwe ukikaa juu ya mgongo kama huo, na jina lake likataja maji, umepata shahidi asiyejua kusema uongo.

Hatua ya 8: Lilinganishe na majina mengine, ukiwa macho

Majina hujieleza vizuri zaidi yakiwa pamoja. Amsterdam na Rotterdam ni dam, ukuta wa kuzuia maji, uliotanguliwa na jina la mto, Amstel na Rotte. Hati ya mwaka 1275 ya Floris V, mtawala wa Holland, inayowaondolea ushuru watu waishio Amestelledamme, inaonyesha mto na ukuta vikiwa bado vinaonekana waziwazi ndani ya jina. Nijmegen ni Noviomagus, la Kiselti lililopita mikononi mwa Warumi: uwanja mpya, au soko jipya.

Lakini kufanana kwa mkia si udugu. Utaona Dordrecht, Papendrecht, Zwijndrecht na Sliedrecht, nawe utataka kuziingiza zote katika ukoo wa Traiectum. Wako waliofanya hivyo. Wengine wanaiunganisha -drecht na neno la wenyeji linalohusu kuvuta au kukokota, au na mkondo wa maji. Rudi kwenye jedwali: Utrecht na Maastricht zina Traiectum ya Kirumi nyuma yao, imeandikwa, ina mwaka. Jina lisilo na ushahidi huo lisimame peke yake.

Tahadhari nyingine ni Leiden. Vitabu vilivyochapishwa huko karne ya 16 na 17 vimeandikwa Lugduni Batavorum, na mtu anaweza kuapa kwamba ameona jina la Kirumi la mji. Lugdunum hiyo ilikuwa pwani, upande wa Katwijk. Wasomi wa Leiden waliichukua kwa kuamini ni yao. Hati za kale huuita mji Leithon, umbo la wingi la neno la mkondo au mfereji: "kwenye mifereji". Utrecht ina jina la Kilatini la kweli, Leiden ina la kuazima, na kwenye jalada la kitabu yanaonekana sawa kabisa. Kinachoyatenganisha ni tarehe tu.

Hatua ya 9: Andika ulichokipata pamoja na uzito wake

Andika kwa namna itakayomwezesha mwingine kukukagua. Kwa Utrecht ningeandika hivi:

Utrecht. Kongwe: Traiecto, Itinerarium Antonini, nakala za baadaye. Traiectum kwa Beda, 731. Umbo la wenyeji Trecht. Kutoka Kilatini traiectum, kivuko; hakika. Ut- ya mwanzo: Kiholanzi cha kale ut, "upande wa chini", kuitofautisha na Maastricht, inakubalika sana. Ultraiectum: tafsiri ya makarani, si asili. Ardhi: ukingo wa tawi la zamani la Rhine, ngome ya Kirumi, inaafiki.

Ona kwamba nimetoa uzito tofauti kwa sehemu tofauti za jina moja. Trecht imesimama juu ya mwamba, Ut- imesimama juu ya hoja nzuri. Kuzichanganya kuwa sentensi moja yenye uhakika mmoja ni kumnyima msomaji haki yake.

Sasa jaribu mwenyewe, na usiende mbali. Kilomita 20 hivi kutoka Utrecht kuna mji wa Amersfoort, unaotajwa katika hati ya mwaka 1028 kama Amersfoirde. Mto unaopita hapo leo unaitwa Eem. Tafuta jina lake la zamani. Kisha itafute foort katika kamusi ya Kiholanzi cha kale, ambako utaikuta karibu na voorde. Ukimaliza, panda kaskazini-mashariki mpaka Coevorden, mji ambao jina lake lilipita katika ukoo wa nahodha George Vancouver likafika hadi Kanada. Kamusi yoyote itakuambia koe ni ng'ombe, na nusu ya pili utakuwa unaijua tayari. Weka Amersfoort na Utrecht kwenye jedwali moja: majirani wawili, kila mmoja ametaja mahali watu walipovukia maji, mmoja kwa neno la askari, mwingine kwa neno la mchunga mifugo.